Sauti ya Shangazi Kwenye Redio

14 Januari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko imepunguza ukali. Sisi hatujambo. Baba na Mama bado wako kule kwenye gati jipya. Baba anachomelea vyuma, Mama anawapikia mafundi, na wanarudi nyumbani mwisho wa mwezi wakiwa hoi. Siku nyingine zote tuko wawili, mimi na Bibi, pamoja na yule paka wako. Paka amezeeka lakini ulafi wake haujazeeka. Unakumbuka ulivyokuwa unamfanyia ukalimani? Akilia, wewe unasema kwa sauti nzito, "Mimi nina njaa, na huyu mtoto ananitazama tu." Niliamini kabisa kwamba ni yeye anayesema.

Shuleni nimepanda darasa. Tumeletewa mwalimu kutoka Nchi Kubwa, hukohuko uliko, anatufundisha lugha yao. Tunamwita Mwalimu Polepole kwa sababu kila neno analitoa kama anateremsha sahani ya kioo kutoka kabatini. Katika jaribio la kwanza nimekuwa wa pili. Sikukasirika, ila niliumia kidogo.

Mwalimu wa uraia naye ametundika ramani mpya. Majirani zetu watatu wamepakwa kijivu, kwa sababu ndio waliotufungia mipaka. Nchi Kubwa iko mbali, juu pembeni, ina rangi ya machungwa. Alituambia, "Wao wanataka mlango wa baharini. Sisi tunataka mlango wowote."

Jambo langu ni hili, Shangazi. Ulituaga kwa miaka miwili, na huu ni wa nne. Najua kazi yako ni ya serikali na sitaki kukusumbua. Nauliza tu kama umepangiwa tarehe. Bibi ataongeza mstari wake hapa chini kama kawaida.

Kasuku wako

*Mwanangu, kazi ikiisha rudi.*


20 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba. Barua yako imechukua wiki tano kufika. Niliisoma nimesimama, koti likiwa bado mwilini. Hongera kwa kuwa wa pili. Mwambie baba yako kwamba dada yake anasema avae miwani anapochomelea, asitegemee kukunja uso.

Mimi niko vilevile. Chumba changu kipo ghorofa ya tisa. Dirisha linatazamana na madirisha mengine, na karibu kila dirisha lina mtu mmoja anayekula peke yake. Kuna mzee ambaye huvuta pazia lake ninapovuta langu. Huu ni mwaka wa pili tunatazamana na hatujawahi kupungiana mkono.

Kazini nakaa ndani ya kibanda cha kioo, nimevaa visikilizi, glasi ya maji mbele yangu. Wakubwa wa kwetu wanakaa upande mmoja wa meza, wakubwa wa huku upande wa pili. Wanazungumza nini, usiniulize, siruhusiwi kuandika. Ninachoweza kukueleza ni namna kazi inavyofanyika. Anayezungumza akisema "mimi", nami nasema "mimi". Sitakiwi kusema "bwana huyu anasema". Hiyo ndiyo sheria ya kwanza tuliyofundishwa, na aliyeivunja mbele ya wakubwa hakai kibandani. Jioni ikifika nimeshasema "mimi" mara mia tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Nilipokuwa mdogo nikibisha mlango, Bibi aliuliza, "Nani?" nami nikajibu, "Mimi." Alinikaripia, "Mimi nani? Huna jina?" Siku hizi swali hilo hunijia ndani ya lifti.

Sasa na wewe nijibu kweli. Bibi ndiye aliyenifundisha kuandika, na rula yake naikumbuka kwenye vidole. Mstari wake katika barua yako umeteremka kama mtu anayeshuka ngazi, na herufi mbili za mwisho zimetoka nje ya karatasi. Macho yake yakoje?

Kuhusu tarehe, nitakuandikia nikijua.

Shangazi yako


11 Machi

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Paka hajambo. Mama alirudi na homa lakini imepona. Namwandikia mtu mzima ukweli ambao mtu mzima mwingine amenikataza, kwa hiyo nimesubiri Bibi atoke aende kukaa barazani.

Bibi ana presha ya macho. Daktari alisema matone yangeizuia, lakini matone yenyewe yalikuwa yanapitia kwa majirani, na tangu mipaka ifungwe duka la dawa lina vikohozi na bandeji tu. Alisema huenda Bibi akaona mpaka katikati ya mwaka, pengine kidogo zaidi. Njiani Bibi hakulia. Aliniambia, "Sura zenu ninazo kichwani. Ya shangazi yako ndiyo imeanza kufifia. Nataka niione mara moja, basi." Kisha akaniapisha nisikuandikie, eti utafanya kazi huku moyo uko juu juu.

Hilo la kwanza. La pili ni langu mwenyewe na ni baya zaidi.

Nchi Kubwa imegawa redio, kila nyumba moja. Ni nzuri, ya rangi ya maziwa, ila inashika kituo kimoja tu. Tarehe sita tulikuwa tunachambua mchele. Wakatangaza kwamba waziri wa Nchi Kubwa atalihutubia taifa letu. Akaanza kwa lugha yake, maneno mawili matatu, kisha sauti yake ikashuka ikaja yako juu. Shangazi, ilikuwa sauti yako tupu! Bibi aliangusha ungo.

Ukasema, "Mimi nawajua kwa subira yenu. Nimekuwa mbali, lakini sijawasahau. Nawaahidi, kabla mwezi wa sita haujaisha, nitakuja mwenyewe. Nitaingia nyumbani mwenu, na tutakaa meza moja."

Mchele ulikuwa sakafuni kote. Bibi akanishika mkono, akauliza, "Umesikia? Amesema anakuja?"

Nilijua, Shangazi. Ulikuwa umenieleza sheria yenyewe katika barua yako, na niliisoma mara nyingi hadi mikunjo ikachanika. Nilijua anayekuja ni waziri. Lakini uso wa Bibi ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu uondoke. Nikajibu, "Ndiyo, Bibi. Amesema."

Kabla ya jua kuzama Mama Taarifa, jirani yetu, alikuwa ameshapita nyumba kumi na mbili. Fundi cherehani alikuja kupima dirisha la chumba chako. Alisema, "Mtu anatoka Nchi Kubwa halafu akute pazia la gunia? Tutachekwa." Nimeshindwa kulirudisha neno langu. Nifanye nini?

Bibi anataka kuandika mstari wake. Nimemwekea kidole mahali pa kuanzia.

Kasuku wako

*Mwanangu nimekusikia.*


2 Mei

Kasuku,

Marahaba. Barua yako imenifikia leo, ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena.

Sikujua kwamba hotuba ile itarushwa nyumbani. Walituambia ni ya kumbukumbu. Nilipofika pale pa "nitaingia nyumbani mwenu" niliuona mlango wetu, na lile komeo linalohitaji kuinuliwa kidogo ndipo lifunguke, na sauti ikanitetemeka. Mkuu wangu alidhani nina mafua, akanipa siku mbili za kupumzika. Nilizimaliza dirishani.

Mwambie Bibi ukweli. Mwambie leo. Mimi siwezi kuja, na sababu yake ni

Unaona? Nimejizuia mwenyewe kabla hawajanizuia. Naandika upya. Wakalimani tunaokaa kwenye mazungumzo haya

Nimekutumia matone, chupa sita, kupitia mfuko wa ubalozi. Moja kila jicho, asubuhi na jioni. Bibi atasema yanawasha. Yanawasha kweli, mshike kichwa.

Usinikasirikie.

Shangazi yako


25 Mei

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Kwanza nikueleze kwamba barua yako ilifika na dirisha. Baada ya "mazungumzo haya" kuna tundu la pembe nne, limekatwa kwa wembe vizuri sana, unaweza kuingiza vidole viwili. Nimelitazama tundu hilo muda mrefu. Nadhani nimeelewa lilichokuwa linasema. Nadhani hamruhusiwi kuondoka mpaka wakubwa waweke saini, kwa sababu mmesikia mengi. Usijibu kama ni kweli. Kama si kweli ndipo ujibu.

Matone yalifika chupa tatu. Bibi alisema yanawasha, nikamshika kichwa. Daktari anasema yamechelewa. Sasa Bibi anaona dirisha kama kitambaa cheupe, na mtu akipita mbele yake anaona kivuli.

Sijamwambia. Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza nilianza, "Bibi, mkalimani ni mtu anayesema maneno ya mwingine," akanikatiza, "Kwani sauti ni ya nani?" Nikasema ni ya Shangazi. "Basi." Mara ya pili alikuwa ananifundisha kukunja shuka lako jipya pembe kwa pembe. Mara ya tatu nilikuwa mwoga tu.

Baba na Mama wamerudi tangu katikati ya mwezi, si mwisho wake. Kazi ya gati imesimama. Baba anasema winchi mbili kubwa zimepakiwa melini kurudi Nchi Kubwa, eti kwa matengenezo. Nilimwuliza kama winchi hutengenezwa kwa kuvushwa bahari. Akasema, "Maswali yako ukayaulize shuleni, mimi nimeambiwa nikae nyumbani."

Nikayauliza shuleni. Mwalimu wa uraia alifunga mlango kwanza. Alituambia kuna fununu kwamba jirani yetu wa kusini, yule wa kijivu, ameipa Nchi Kubwa bandari yake iliyo tayari, yenye reli. "Kwa hiyo ule urafiki?" akauliza mmoja wetu. Mwalimu alisafisha ubao uliokuwa msafi. Halafu akatupa insha: Rafiki wa nchi ni nani? Niliandika kwamba ni yule ambaye akisema atakuja, anakuja. Amenipa alama nyingi, lakini sentensi hiyo ameizungushia kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Natamani."

Shangazi, huniambii mambo ya mezani, na ni sawa. Lakini waziri asipokuja, nani atatutangazia? Nimelifikiria hilo nikashindwa kula. Nisingependa Bibi asikie "mimi sitakuja" kwa sauti yako.

Bibi hakuandika mstari. Anakusalimu kwa mdomo.

Kasuku


16 Juni

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Hujajibu, na huenda barua yangu haijakufikia. Naandika hivyohivyo.

Tarehe kumi na tatu mwalimu mkuu alitutoa madarasani tukasikilize redio. Niliomba ruhusa nikakimbia nyumbani, Mwalimu Polepole akinifuata kwa nyuma, kwa sababu alikuwa ameagizwa asikae shuleni siku hiyo na hakuwa na pa kwenda. Chumbani walikuwamo Bibi, Baba, Mama, Fundi akiwa na pini mdomoni, na Mama Taarifa, ambaye hakualikwa lakini nani wa kumzuia. Bibi alivaa gauni lake la buluu. Alidhani unatangaza siku ya kufika.

Waziri akaanza. Mwalimu Polepole alielewa kabla yetu sisi, akainamisha kichwa. Mimi nilielewa maneno mawili, "masikitiko" na "ratiba". Nilitaka kuizima redio. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitufe.

Ndipo ukaja wewe. Ulinyamaza kwanza. Kimya kilikuwa kirefu mpaka Baba akasema, "Imekatika?" Kisha ukasema, taratibu, kila neno peke yake: "Waziri anasema kwamba yeye hatakuja. Waziri anasema kwamba amepata mambo mengine. Waziri anasema anawatakia heri."

Mwalimu Polepole aliinua kichwa ghafla. "Amekosea," aliniambia kwa lugha yake. "Mkalimani hasemi hivyo. Wakubwa wote wamesikia." Nilijua kwamba hukukosea.

Mama Taarifa akapiga makofi ya masikitiko. "Haya, ndiyo basi tena! Haji!"

"Nani haji?" Bibi akamgeukia.

"Si umesikia? Amesema haji."

"Aliyesema haji ni waziri," akajibu Bibi. "Asije, kwani nani alimfulia shuka? Mwanangu alisema anakuja, na leo hajasema kwamba haji. Masikio yangu hayana presha."

Baba alicheka mpaka akaenda nje, na alikaa huko nje muda mrefu. Fundi alitoa pini mdomoni, akaendelea kushona upindo wa pazia.

Mwalimu Polepole anaondoka wiki ijayo. Ramani imeteremshwa. Ukutani pamebaki pembe nne safi kuliko ukuta wote.

Shangazi, wamekufanya nini? Niandikie hata neno moja.

Kasuku wako


30 Juni

Kasuku wangu,

Barua zako mbili zimefika pamoja. Za huko kwenu ndizo habari pekee zilizonichekesha mwezi huu. Mwambie Fundi mshono wa pazia uwe mpana, kitambaa cha pale sokoni hurudi kikifuliwa.

Nimetolewa kibandani siku ileile. Hawakunigombeza. Mkuu wangu aliuliza, "Miaka kumi na minne ya ukalimani, tangu nyumbani, hujawahi kukosea. Leo imekuwaje?" Nilimwambia mama yangu alikuwa anasikiliza. Alinitazama, akavua miwani, akaandika kwenye fomu kwamba nimechoka. Nadhani na yeye ana mama mahali.

Niliyoyasikia mezani hayana kazi tena, maana meza yenyewe imevunjika, kwa hiyo hawana sababu ya kunishikilia. Nitapanda ndege ya Alhamisi, ama tarehe kumi na moja ama kumi na nane, hawajaniambia. Baada ya hiyo ya kumi na nane ndege hazitakuja tena huko. Nikirudi, nimerudi. Sijui nitafanya kazi gani katika nchi ambayo haina mgeni wa kuzungumza naye. Pengine nitamrudia paka.

Usimwambie Bibi. Ndege nazo hughairi kama mawaziri.

Jana nilimpungia mkono yule mzee wa dirishani. Alishtuka, kisha akainua kikombe.

Naogopa jambo moja tu. Nimechelewa, hataniona.

Shangazi yako


9 Julai

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Barua hii itapanda ile ndege ya keshokutwa inaporudi, ndege ambayo pengine wewe utakuwa umekuja nayo. Ikiwa umeshuka, itafika ghorofa ya tisa na kukuta chumba kitupu. Ndiyo barua pekee niliyowahi kuiandika huku nikiomba isipokelewe.

Sote tu wazima. Baba anachomelea mageti ya watu. Mama amepanda mboga nyuma ya choo cha shule, mwalimu mkuu amemruhusu. Lugha ya Nchi Kubwa imeondolewa kwenye ratiba, lakini nimeweka daftari langu. Utanifundisha jikoni, jioni, kama hutachoka. Nataka kuwa wa kwanza hata kama wa pili hayupo.

Sijamwambia Bibi kitu, na wala haikuhitajika. Chumba chako kinafagiliwa kila siku tangu mwezi wa tatu. Macho yameisha, Shangazi, sitakuficha. Anajua asubuhi kwa joto tu. Amehamisha kiti chake, siku hizi anakaa ndani karibu kabisa na mlango, na kila anayebisha anamwuliza, "Nani?" Wanajibu. "Mama Taarifa hapa, nina habari!" "Fundi, nimeleta pazia." Hata Baba anataja jina lake, kwa kuogopa kukaripiwa.

Jana nilimwuliza kama hasikitiki kwamba hataiona sura yako. Alifikiri, akinyoosha gauni magotini. Akasema sura utamletea, ataishika kwa mikono. Nikamwuliza atakujuaje, maana miaka minne inaweza kubadilisha hata sauti. Alinicheka.

"Wengine wote wana majina," alisema. "Yule nilimkaripia utoto wake wote, hakusikia."

Kwa hiyo ukifika, inua komeo kidogo kama unavyokumbuka, lakini usifungue. Bisha kwanza. Utasikia "Nani?" Usitaje jina, wala kazi, wala umetoka wapi na nani amekutuma. Jibu, "Mimi."

Hapa hakuna atakayekuuliza mimi nani.

Kasuku wako